Ngosha, Vina na Kahawa: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara Kijiweni Mlango Mmoja

Kijiwe chetu kipo Mlango Mmoja, Mwanza, nyuma ya wauza mitumba. Kuna benchi mbili, birika la kahawa, kashata, na ubishi wa hip hop ulioanza zamani na haujafungwa. Kila wiki anakuja mgeni na kuuliza yaleyale, nikimjibu kahawa yangu inapoa. Ndiyo maana nimeyaandika. Majibu ni yangu. Wenzangu wawili wameyasoma wakasema nimepotosha, na fundi baiskeli amesoma la kwanza tu akarudi kwenye spoki zake.

Kwa nini kila mkikaa lazima mfike kwa Fid Q?

Kwanza ni wa kwetu. Fid Q, yaani rapa Fareed Kubanda, ni mtoto wa Mwanza. Wakati hip hop ya Kiswahili inajengeka, majina yote yalikuwa ya kwingine: Kwanza Unit wa Dar, Hard Blasters wa Dar, Sugu akijulikana kama mtu wa Mbeya, Afande Sele wa Morogoro, X Plastaz wa Arusha. Sisi wa Kanda ya Ziwa tulikuwa wasikilizaji. Tulipokea ngoma kupitia Radio Free Africa na kupitia kanda zilizosafiri zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Dar, nyingine zikifika zimeshapoteza kava. Halafu akatokea mtu anachana na kutaja miamba yetu, na wimbo mzima ameupa jina la mji, tena mara mbili: "Mwanza Mwanza". Usione watu wazima wanagombana hadi magharibi. Wanagombania ndugu yao.

Pili, hamalizwi kwa kusikilizwa mara moja. Wimbo wake unaufurahia leo, mwezi ujao uko kwenye haisi ya Buzuruga mstari mmoja unakufunguka, unajikuta unacheka peke yako na abiria wanakutazama. Mtu wa namna hiyo ubishi wake hauishi, kwa sababu kila mmoja amefunguliwa na mstari tofauti.

"Ngosha" maana yake nini?

Kwa Kisukuma ni mwanamume. Kwa matumizi ya Dar ni Msukuma yeyote, hasa anayeonekana ametoka kwenye ng'ombe na udaga moja kwa moja hadi Ubungo. Lilikuwa jina la utani lenye kejeli ndani yake. Fid Q akajiita hivyo mwenyewe, na kejeli ikaishiwa nguvu. Siku hizi kijana wa Igoma ukimwita ngosha anatembea kifua mbele.

Sijawahi kumsikiliza. Nianzie wapi?

Anza na "Mwanza Mwanza" kama wewe ni wa huku, "Agosti 13" kama unataka kumjua mtu kabla ya msanii (ndiyo siku aliyozaliwa), kisha "Propaganda". Usianze na remiksi ya "Fresh". Hilo nitalirudia chini.

Jina la albamu ya kwanza, "Vina Mwanzo Kati na Mwisho", lina maana gani?

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa hiyo vuta benchi.

Shairi letu la jadi lina mshororo uliokatwa vipande viwili. Cha kwanza kinaitwa ukwapi, cha pili utao. Kina cha kati kinakaa mwisho wa ukwapi, kina cha mwisho kinakaa mwisho wa utao. Mizani ni nane kwa nane, jumla 16. Aliyepita sekondari Tanzania amehesabu mizani hizo kwa vidole chini ya dawati, na wengi walizichukia. Sasa tazama jina la albamu. Kati na mwisho tunavijua tangu darasani. Mwanzo haumo kwenye kanuni ile. Mimi nalisoma jina hilo kama mtu anayewaambia washairi wazee: mlichonifundisha nimekishika, na nimeongeza kimoja.

Nitakuonyesha kwa mistari yangu mwenyewe, nisije nikadaiwa haki za mtu:

*Kokoro linavutwa, dagaa hawatoshi,*
*Migogoro yafutwa, kwa kikombe na moshi.*

Kokoro na migogoro ndiyo mwanzo. Linavutwa na yafutwa ni kati. Hawatoshi na moshi ni mwisho. Hesabu mizani, saba kwa saba. Si mistari ya ajabu, mimi si rapa, na kokoro lenyewe ni nyavu iliyopigwa marufuku. Lakini jaribu kuandika mistari 16 ya namna hiyo, yenye maana, inayokaa juu ya mdundo, na pumzi isikate. Ukimaliza uje, kahawa ni juu yangu.

Lakini kwa Kiswahili vina si vya bure? Kila neno linaishia na irabu.

Ni vya bure kama samaki ziwani walivyo wa bure. Nenda kawachukue.

Ni kweli maneno yetu yanaishia na irabu, na mkazo unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo kupata mlio unaofanana ni rahisi kuliko kwa Kiingereza. Urahisi huo ndio mtego. Kina cha bei ya chini kuliko vyote ni *-ni*: nyumbani, kazini, mtaani, moyoni. Nomino karibu yoyote ukiibandika *-ni* inakubali, na kuna wasanii wameishi kwa *-ni* miaka kumi. Kinachofuata ni mnyambuliko wa vitenzi: wanapendana, wanagombana, wanakutana. Hapo hujatunga kina, sarufi imekutungia.

Ufundi unaanza pale mlio unapolingana kwa silabi mbili au tatu, na maneno ni ya jamii tofauti: nomino kwa kitenzi, jina la mtaa kwa tusi, neno la msikitini kwa neno la sokoni. Sikio linapata raha kwa sababu halikutegemea. Fid Q anakaa sana hapo. Ukitaka kumpima rapa yeyote wa Kiswahili, chukua ubeti wake mmoja, futa vina vyote vya *-ni* na *-ana*, uone kinachobaki. Tumewahi kufanya hivyo na daftari kwa msanii mmoja anayejiita mfalme. Ukabaki mstari mmoja na salamu kwa prodyuza.

"Vina Mwanzo Kati na Mwisho" au "Propaganda"?

Mimi ni wa "Propaganda", ya 2009. Kijiwe kimegawanyika, na wa albamu ya kwanza ni wengi kuliko sisi.

Hoja yao ni njaa. Wanasema mtu wa kwanza kutoka Mwanza kuthibitisha kwamba inawezekana hawezi kuchana vile mara ya pili. Ni hoja nzuri, nami sina dawa yake. Ninachosema ni kwamba jina la albamu ya kwanza linahusu ufundi, na la pili linahusu jamii. Kwenye ya kwanza anakuonyesha anavyoweza kusema. Kwenye ya pili anasema. Kijana wa miaka 20 atapenda ya kwanza. Ukishalipa kodi ya nyumba na kuahidiwa barabara kampeni tatu mfululizo, utarudi kwenye ya pili.

Dosari? Ipo. Anapenda mno semi za hekima. Kuna sehemu unahisi unasomewa ukuta wa saluni, methali juu ya methali, na wewe unatamani asimulie tu kisa cha mtu mmoja aliyepanda kivuko cha Kamanga akaenda kumposa binti wa watu. Nikilisema hili wa benchi ya pili huwa wanasimama.

Na "KitaaOLOJIA"?

Lile jina la albamu ya tatu tulilisikia miaka na miaka. Kijiweni lilikuwa kama meli ya Bukoba enzi zile: unaambiwa imeshang'oa nanga Kemondo, unakaa bandarini na mzigo wako hadi usingizi unakuchukua. Matarajio yakawa makubwa kuliko albamu yoyote inavyoweza kubeba. Jina lenyewe nalipenda, kitaa kugeuzwa taaluma. Ukiyapanga majina yote matatu unaona mtu anavyosogea: kanuni za ushairi, uongo wa jamii, elimu ya mtaa.

Msanii mwenye albamu chache anawezaje kuitwa mkubwa?

Lauryn Hill wa Marekani ana albamu moja tu ya studio ya peke yake, ya 1998. Haya, nenda kamshushe.

Lakini swali lina upande wa nyumbani, na wengi waliozaliwa na simu mkononi hawaujui. Zamani albamu ilikuwa kanda. Msanii alirekodi, akapeleka kazi kwa msambazaji wa Kariakoo, akapewa pesa ya mkupuo au ahadi ya asilimia, na baada ya hapo hakujua zimeuzwa ngapi. Zikaja CD za kuchoma. Vikaja vibanda vya kuwekewa nyimbo kwenye memori kadi na flashi: unatoa mia chache unaondoka na nyimbo za wasanii 40, na hakuna hata mmoja kati yao aliyepata senti. Mtu mwenye akili akaacha kutoa albamu. Akatoa singo, ipigwe redioni, aitwe shoo, alipwe kwenye shoo. Kwa hiyo ukimhesabia albamu mtu wa kizazi kile unamhukumu kwa soko lililokufa mikononi mwake. Albamu zimerudi kwa nguvu wakati wa kusikiliza mtandaoni: Diamond na "A Boy from Tandale" 2018, Harmonize na "Afro East" 2020, Alikiba na "Only One King" 2021. Wakongwe wengi walikuwa wameshatoka uwanjani.

Mimi mwenyewe nililipia soko lile. Nikiwa shule nilidunduliza nauli, nikawa natembea kwa miguu kutoka Mabatini, nikanunua kanda ya hip hop kwenye duka moja la mjini. Nikafika nyumbani, upande A safi kabisa. Nikageuza upande B: kwaya. Kwaya ya Pasaka, mwanzo mpaka mwisho. Nilirudi dukani, muuzaji akaniambia nimebarikiwa mara mbili kwa bei moja. Upande A niliurudisha nyuma kwa kalamu ya wino, kuokoa betri, hadi mkanda ukaliwa. Kipimo changu cha msanii kilianzia pale: ni mara ngapi umemrudisha nyuma wakati kurudisha nyuma kulikuwa na gharama.

Remiksi ya "Fresh" na Diamond na Rayvanny: alijiuza?

Hapana. Ilitoka 2017 na ilizua vita hapa, hadi mtu mmoja akahamia kijiwe cha Makoroboi akakaa huko wiki mbili. Mimi naipenda ya awali. Ile remiksi ni ya sherehe, na kwenye sherehe sihitaji kufikiri. Ila mpwa wangu, mtoto wa 2003, alimjua Fid Q kupitia remiksi hiyo hiyo. Siku moja akaniuliza, "Mjomba, huyu ana nyingine?" Nikampa "Propaganda". Akakaa nayo ndani siku nzima na akanirudishia simu ikiwa asilimia mbili. Aliyejiuza hawezi kurudisha mnunuzi kwenye mali ya zamani.

Fid Q au Profesa Jay?

Kazi tofauti. Profesa Jay ni msimuliaji. Anavaa mtu mwingine na kukuonyesha ulimwengu kwa macho yake. Kwenye "Ndio Mzee" alimvaa mwanasiasa anayeahidi kila kitu. "Machozi, Jasho na Damu" ya 2001 kwangu ndiyo albamu iliyowafanya wazazi waache kuzima redio. (Halafu 2015 akawa mbunge wa Mikumi, na tulicheka sana kijiweni tukimkumbuka yule mzee wa ahadi.) Fid Q havai mtu, anavua maneno. Ukitaka kisa nenda kwa Jay, ukitaka mstari njoo kwa Ngosha. Kwa jumla ya mchango kwa taifa nampa Jay, na nikisema hivyo hapa Mwanza nasema nikiwa nimeshalipia kahawa.

Sugu ni mlango wa peke yake. Alitoa albamu wakati wenzake wanadhani kuchana kwa Kiswahili ni utani, na 2010 akawa mbunge wa Mbeya Mjini. Watu wanasema wanamuziki kuingia siasa ni mambo mapya. Si mapya. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mshairi Saadani Abdu Kandoro alikuwa akihangaika na siasa za TAA, chama kilichozaa TANU, hapahapa Kanda ya Ziwa. Mtu wa vina na mtu wa mkutano wa hadhara ni ndugu tangu zamani.

Young Killer Msodoki je?

Wa kwetu pia, na ana kipaji cha kutisha. Mpeni muda. Ubishi wake ni wa benchi ya vijana, Jumamosi.

Mnahesabu wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond?

Ule uliofungiwa na BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, 2018 kwa maneno yasiyo na staha, kisha ukaimbwa jukwaani hapahapa mjini na wenyewe wakazuiwa kufanya maonyesho? Tunaujua. Hatuhesabu. Mama zetu wako hai.

Kwa nini mnawapendelea waliokufa?

Hili lina ukweli. Albert Mangweha, yaani rapa Ngwair, alifariki 28 Mei 2013. Rapa mwenzake Langa akafuata tarehe 13 Juni, siku 16 baadaye. Mwezi ule kijiwe kilinyamaza, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kusema neno baya juu ya "a.k.a. Mimi", albamu ya Ngwair ya 2004. Ni albamu tamu kweli, kila mtu anaimba "Mikasi". Lakini kabla ya 2013 palikuwa na watu hapa wakisema Ngwair ni wa starehe tu. Watu haohao sasa wanamwita mwalimu. Nawajua, nakaa nao.

Kwa aliye hai ni kinyume. Kila anachotoa kinapimwa na kile ulichokipenda ukiwa na miaka 17, na hakuna wimbo unaoweza kushindana na miaka 17 ya mtu. Ndiyo maana nikisikia "Fid Q wa sasa si yule", nauliza kwanza: wewe wa sasa ni yule?

Fid Q ni Nas wa Tanzania?

Sipendi ulinganisho huo ingawa naelewa unakotoka. "Illmatic", albamu ya Nas ya 1994, ina nyimbo 10, kama dakika 40, na ndiyo kitabu cha dini cha wanaoamini mistari kuliko mauzo. Kijana wa Queensbridge, New York, alitazama dirishani akaandika alichokiona. Hapo wanafanana. Lakini lugha ni nyingine, na kazi ya vina ni nyingine, kama nilivyosema juu. Anayechana kwa Kiswahili ana mashairi nyuma yake, na mjomba aliyeyakariri msikitini. Kumwita Nas wa Tanzania ni kumpunguzia ukoo.

Mzee wa kahawa anasema ubishi huu ulikuwepo kabla ya redio. Anamaanisha nini?

Anamaanisha Bagika na Bagalu. Usukuma ulikuwa na mafundi wawili wa ngoma na dawa, Ngika na Gumha, mahasimu. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, wa Gumha wakaitwa Bagalu. Baada ya mavuno, pande mbili zinasimama uwanja mmoja, zinacheza kwa wakati mmoja. Hakuna jaji mwenye kalamu. Watazamaji wanahama: upande ukipata jambo jipya, wimbo wa kumsuta mpinzani au chatu shingoni, umati unahamia huko, na aliyebaki na watu wengi ndiye mshindi. Kukawa na dawa za kuvuta watu na dawa za kuharibu wimbo wa mwenzako. Ukitaka kuona, nenda Makumbusho ya Wasukuma Bujora, pale Kisesa, wakati wa sikukuu ya Bulabo, mwezi wa sita.

Mzee akisikia vijana wanaongelea bifu na disi anacheka mpaka kofia inadondoka. Anasema nyie mna maneno tu, sisi tulikuwa na nyoka. Ila ameongeza jambo ambalo sijalimaliza kichwani: umati ukihama si kila mara aliyeachwa alikuwa dhaifu. Wakati mwingine aliimba kitu kilichohitaji utulivu, na vumbi lilikuwa jingi.

Mashairi ya nyimbo mnayapata wapi? Mtandaoni yamejaa makosa.

Tuna daftari. Wimbo wenye utata tunausikiliza kwa spika za masikioni, watu watatu mmojammoja, kila mtu anaandika alichosikia bila kuonyesha mwenzake. Wawili wakilingana, inaingia. Wasipolingana tunaacha pengo. Mstari mmoja una pengo kwa mwaka wa nne sasa, na aliyeutunga yupo hai, tungeweza kutafuta njia ya kumuuliza. Hakuna anayetaka. Ukinukuu vibaya mbele ya daftari unanunua kahawa ya benchi nzima, hata kama wewe ni mgeni.

Wanawake wanaruhusiwa?

Swali la ajabu. Anayetunza daftari ni dada anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba, na ndiye mkali wa vina kuliko sisi sote. Ni yeye aliyefuta *-ni* za yule mfalme.

Nije saa ngapi?

Baada ya saa kumi na moja jioni, jua likishashuka nyuma ya miamba. Jumapili hatukai, kwa sababu fundi baiskeli ana kwaya, na bila yeye ubishi hauna upande wa pili. Kuhusu ile kanda yangu, nilimwimbia kidogo wimbo wa kwanza wa upande B. Akaendelea nao hadi mwisho, sauti ya tatu, macho kayafumba. Anadai ni wao, na kwamba na wao hawakulipwa.